Shujaa wa Tanzia Hapimwi kwa Kifo Chake

Siku hizi mhusika mkuu akifa tu jukwaani, hakosi mtu wa kusimama na kutangaza kwamba ameona tanzia. Kijana wa Bukene akitunga mchezo juu ya mtemi Isike wa Unyanyembe, ataambiwa amewafikia Wayunani kwa sababu baruti imelipuka mwishoni. Sifa za namna hiyo humharibu mtunzi.

Kisa chenyewe ni kizito. Januari 1893 Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walilivunja boma la Isike karibu na Tabora, baada ya mashambulizi ya 1892 kushindwa. Mtemi akajilipua katika ghala la baruti asikamatwe. Lakini mjuzi wa kazi hii huuliza jambo moja: kabla ya kuwasha moto, Isike alijua nini ambacho jana yake hakukijua?

Hapo ndipo wachanga hupotea. Hutafuta cheo, hutafuta kasoro, huhesabu maiti, na utambuzi huo huwapita. Mfalme Edipode, mchezo wa Sophocles uliofasiriwa na Samuel Mushi, unaonyesha kazi inavyofanywa. Jocasta anataka kumtuliza mumewe, Edipode: asiogope utabiri, kwani Laius, mumewe wa kwanza, aliuawa na majambazi kwenye njia panda. Njia panda hiyo, iliyotajwa ili kumpoza, ndiyo inayomchoma, kwani aliwahi kuua mtu hapo. Kisha anafika mjumbe wa Korintho na habari anazodhani ni njema, na habari hizo zinaharakisha maangamizi. Aristotle aliusifu mchezo huu kwa kuwa utambuzi na kugeuka kwa bahati vinakuja pamoja. Edipode hauawi. Anabaki hai, akijua.

Ebrahim Hussein aliielewa siri hiyo alipoandika Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Kinjeketile, mganga wa Ngarambe, anazinduka, anaelezwa maneno yaliyomtoka alipopagawa: kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anang'amua kuwa ukombozi alioutangaza umebeba bwana mwingine. Lakini maji yake ya dawa yamekwisha kuwaunganisha watu, na wapiganaji hawarudishiki. Gerezani anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa neno hilo lingewavunja hata watakaozaliwa. Anajua mapema, anashindwa kuzuia, kisha anachagua. Katika utangulizi Hussein alieleza kuwa huyu si Kinjeketile wa historia. Bila uhuru huo asingeweza kumjenga hivyo.

Matapeli wana njia zao. Wengine humpa shujaa hotuba ndefu ya kukiri kiburi chake. Wengine humleta mzee atoe laana, au gari limgonge. Shujaa anayeitaja kasoro yake kwa jina ni wa kughushi.

Mwelusi wa Kifo Kisimani, kazi ya Kithaka wa Mberia, anauawa na Gege, ndugu yake. Ni tamthilia nzuri, lakini mtu mwema anayeonewa si mfano wa Aristotle.

Tabora ina haki ya kudai zaidi. Nyerere alisoma Tabora School, akarudi mjini humo kufundisha St. Mary's, na baadaye akafasiri Julius Caesar, aliyoirekebisha na kuitoa kama Juliasi Kaizari mwaka 1969. Kizazi kilichoisoma tafsiri hiyo kwa sauti hakikuhitaji kuambiwa kwamba Kaizari anauawa katikati ya mchezo na kwamba mzigo wote unabaki kwa Brutus. Leo msomaji huangalia jina lililo jaladani, akaridhika.

Isike bado anangoja mtunzi wake. Unyanyembe na Urambo zilipigana miaka mingi, na Wajerumani walipofika, Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa amekufa tangu 1884. Kijana wa Bukene amsimamishe mtemi ukutani wakati wageni wanasogea, amfanye aone kwamba adui aliyemchosha miaka yote ndiye angeweza kuwa ngao yake. Aliwekee onyesho hilo nafasi ya kutosha. Akishalikamilisha, ndipo aandike habari za baruti.