Mwalimu na Kipanga: Desturi Inajifunzwa Ndani ya Kitabu?

Wengi kwetu tunamjua kipanga kama mwizi wa vifaranga tu. Lakini katika inchi nyingi, tangu zamani, watu wanamfuga na kuwinda naye sungura na kwale. Unesco iliingiza desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2010. Mwaka 2021 inchi 24 zilikuwa pamoja katika andiko hilo, Ubelgiji ndani. Mwaka ule ule rumba yetu nayo iliingia katika orodha hiyo. Basi swali la kulinda desturi ni letu pia.

Kitabu tunachopima hapa ni The Goshawk cha Mwingereza T. H. White, kilichotoka mwaka 1951. White alikuwa mwalimu kule Stowe. Mwaka 1936 aliacha kazi, akapanga nyumba ndogo msituni, akaagiza kipanga mchanga kutoka Ujerumani, akamwita Gos. Fundi wa kumwongoza hakuwa naye fasi ile. Mkubwa wake alikuwa Edmund Bert, mwandishi wa mwaka 1619!

Njia ya zamani ni kukesha: ndege anakaa juu ya mkono wa mtu, wote wawili bila usingizi, mpaka ndege achoke na kukubali. White alifanya vile usiku baada ya usiku. Tena alimlisha mno, na kipanga aliyeshiba hamtii mtu, kwani hana haja naye. Fundi wa leo anafanya namna ingine: kila siku anampima ndege kwenye mizani, anamlisha kidogo kidogo juu ya glavu ya ngozi, anamzoeza kuruka akifungwa kamba ndefu mbele ya kumwacha huru. Kamba ya White ilikuwa mbovu. Siku moja ikakatika, Gos akaenda, hakupatikana tena.

Uzuri wa kitabu ni kwamba White hafichi kitu, hata hasira yake. Kasoro ni hii: msomaji mgeni anaweza kudhani taabu zile ndizo sheria ya kazi. Kwa bahati njema, mwishoni White aliongeza kurasa za kukiri kwamba njia zake zilipitwa na wakati. Anayetaka kuanza asome kurasa hizo kwanza. Kisha atafute fundi, ruhusa ya serikali, mizani na glavu. Ndege aje nyuma ya vyote.

Bert hakudanganya. Lakini kitabu hakiwezi kuona kamba iliyochakaa mkononi mwa mwanafunzi. Mzee anaiona mara moja. Sisi tunaoandika desturi zetu tusiridhike na karatasi. Tukiandika ginsi ya kusuka mtego wa samaki ao kuchonga ngoma, tuulize pia: mzee anayejua kazi hiyo angali hai? Kijana gani ataenda kukaa kwake?