Kalemie hadi Kinshasa: Sauti inataka utaratibu kuliko kasi

Radio Okapi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kutangaza tarehe 25 Februari 2002, ikiendeshwa na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Kalemie ilikuwa miongoni mwa miji iliyopata kituo cha redio hiyo. Kutoka hapo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na hapakuwa na waya wa kubeba sauti umbali huo. Vituo viliunganishwa kwa setilaiti.

Setilaiti ya aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Sauti hutumia takriban robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu hutumia robo nyingine. Ni ucheleweshaji mkubwa, lakini msikilizaji wa taarifa ya habari hautambui, kwa kuwa haubadilikibadiliki. Mpiga ngoma akichelewa kuanza lakini akashika mdundo, watu watacheza. Mara akiharakisha, mara akisita, watakaa chini.

Kituo kinachotuma sauti kwa intaneti ya simu hukutana na tabia tofauti. Pengine intaneti hiyo hupitisha data haraka kuliko setilaiti, ila mnara mmoja huhudumia mtaa mzima, na watu wakirudi nyumbani jioni foleni hurefuka. Hapo ndipo matangazo huanza kukatakata, na kituo hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Tuone hesabu. Kodeki ya Opus, yaani njia ya kubana sauti iliyosanifishwa mwaka 2012, hubeba sauti nzuri kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Ikikata sauti vipande vya milisekunde 20, hutuma pakiti 50 kila sekunde. Ukijumlisha anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti, unafika kilobiti 80. Huo ni mzigo mdogo hata kwa simu ya kawaida. Tatizo ni pakiti zinazofika kwa vishindo: moja baada ya milisekunde 60, inayofuata baada ya 300.

Dawa yake ni bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kifaa kinachopokea, nacho huitwa kodeki, huihifadhi kabla ya kuicheza. Kama pakiti huachana kwa milisekunde 240, bafa ya 100 haitatosha, weka 400. Kwa taarifa inayosomwa, hata sekunde nzima haina madhara. Kwa mahojiano, punguza kadiri inavyovumilika, na hakikisha mtangazaji wa Kalemie harudishiwi sauti yake mwenyewe kutoka Kinshasa. Akijisikia kwa kuchelewa, atapata kigugumizi.

Kuna tatizo jingine linalochanganya mafundi: wito unapokelewa, taa ya kijani inawaka, lakini upande mmoja hausikii kitu. Usibadilishe maikrofoni. Itifaki ya SIP hupiga wito kwa njia moja, na sauti yenyewe husafiri kwa njia nyingine. Ndani ya wito, kodeki ya Kalemie hutaja anwani yake, tuseme 192.168.1.20. Anwani hiyo haijulikani nje ya ruta ya kituo, kwa hiyo Kinshasa hutuma sauti isikofika. Kampuni za simu huongeza ugumu, kwani mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma; hata ukifungua poti kwenye ruta yako, mlango wa kampuni hubaki umefungwa.

Suluhisho ni kupanga nani ampigie nani. Upande wenye anwani ya umma isiyobadilika usubiri, upande wa simu ndio upige, kisha kodeki inayosubiri iagizwe kurudisha sauti kule pakiti zilikotoka, bila kufuata anwani iliyotajwa kwenye wito. Ruta ikiwa na kipengele cha kujifanya msaidizi wa SIP, kizime, maana mara nyingi huandika upya anwani hizo vibaya.

Kabla ya yote hayo, angalia mambo ya msingi. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huwaka pamoja, na kodeki inaweza kuomba anwani kabla ruta haijawa tayari kuitoa. Ipe kodeki anwani ya kudumu, na uweke ruta na swichi kwenye betri. Halafu kagua kwa mfuatano: waya, anwani, ruta, wito, na mwisho bafa. Anayeanzia kwenye bafa anaweza kutibu kwa saa nzima ugonjwa wa waya uliolegea.

Kipimo chenye faida kuliko vyote hakihitaji pesa. Acha kompyuta ya kituo itume pakiti za majaribio kwa saa nzima jioni, uandike muda mfupi kabisa na muda mrefu kabisa wa kurudi, pamoja na idadi ya zilizopotea. Tofauti ya nyakati hizo mbili inakupa ukubwa wa bafa wa kuanzia. Zilizopotea, bafa haiwezi kuzirudisha; hizo ndizo za kupeleka kwa kampuni ya simu, zikiwa na saa na tarehe.