Somo Ndani ya Chumba cha Joto

Mwaka 2014 nilikwenda Marekani kumtazama binti yangu na wajukuu. Jumamosi moja akataka nifuatane naye kufanya yoga katika chumba kilichopashwa joto. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi mzaliwa wa Tanga. Joto nalo nilitolee fedha?" Akacheka, tukaenda.

Nilistahimili dakika kama ishirini, kisha nikaketi juu ya mkeka nikiwatazama wenzangu wakitiririka jasho. Na kwa kuwa mtu aliyekagua masomo ya wanachuo kwa miaka mingi haachi kukagua, nikamkagua mwalimu. Alikuwa juu ya jukwaa dogo. Hakuonyesha mkao hata mmoja. Alisema tu, mbio mbio, mfululizo, kama mtoto anayetoa shairi alilokariri. Nilijiuliza andalio lake la somo lingekuwaje.

Kumbe halikuhitajika. Binti yangu alinieleza tukiwa njiani kurudi: mikao ni 26, mazoezi ya kupumua mawili, muda dakika 90, joto takriban nyuzi 40, na mpangilio haubadiliki. Maneno ya mwalimu nayo yameandikwa, na huyakariri katika mafunzo ya wiki tisa. Mwenye mpango huo ni Bikram Choudhury, mzaliwa wa Calcutta aliyefundishwa na Bishnu Ghosh, akahamia Marekani miaka ya 1970 na kupata jina kubwa Los Angeles. Alitaka hata kuumiliki mpangilio huo kwa hakimiliki, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufani ya huko ilikataa.

Hayo yote yalinirudia nilipoitazama filamu ya Eva Orner iliyotoka mwaka 2019, "Bikram: Yogi, Guru, Predator". Ni filamu nzuri, ingawa jina lake lina haraka. Linatoa hukumu kabla mtazamaji hajaketi. Orner mwenyewe hana haraka hiyo. Anawaacha kwanza wanafunzi wa zamani waseme mema: maumivu yaliyowatoka, nguvu walizopata, jinsi walivyompenda mwalimu wao. Nami nikaanza kumpenda. Ndipo wanawake wanapoeleza kwamba aliwabaka na kuwabughudhi. Yeye alikana, na hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Lakini mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles lilimwamuru amlipe aliyekuwa mwanasheria wake, Minakshi Jafa-Bodden, zaidi ya dola milioni 6, na mwaka 2017 jaji akatoa hati ya kumkamata. Alikuwa amekwishatoka nchini humo, na aliendelea kuendesha mafunzo kwingine.

Ningependa filamu ikae zaidi juu ya joto lenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas State walitoa matokeo ya watu wa umri wa makamo waliofanya mikao hiyohiyo kwa wiki 12, baadhi katika joto na wengine katika chumba cha kawaida. Mishipa ya damu ilipata nafuu kwa makundi yote mawili. Basi ile tanuri ilikuwa ya nini? Nadhani aliyekwisha kuvumilia chumba kile huona aibu kulalamikia jambo jingine lolote. Lakini hilo ni wazo langu, filamu haikulisema.

Kilichonishika zaidi, ndugu msomaji, si habari za mahakamani. Ni picha za zamani za ukumbi wa mafunzo. Watu mamia wamejipanga. Bwana yule yuko juu, na chupi yake nyeusi ya kuogelea na kipaza sauti, akiwadhihaki kwa maumbile yao. Na wao wanacheka. Hata anayedhihakiwa anacheka. Niliirudisha sehemu ile mara mbili.

Nami nilikuwa na jukwaa langu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya paredi ya chuo, na nilisifika kwa mzaha. Mwanachuo mmoja wa kike alikuwa na kigugumizi. Asubuhi moja nilimwita mbele asome taarifa ya habari, kisha nikamwigiza. Chuo kizima kiliangua kicheko, wakufunzi wakiwamo, na yeye mwenyewe akacheka. Kwa miaka mingi nilikichukua kicheko chake kuwa ushahidi kwamba hapakuwa na ubaya.

Aliacha chuo wiki mbili kabla ya mazoezi ya kufundisha. Alirudisha godoro, vitabu na ufunguo wa bweni, kila kitu kikiwa safi. Fomu ya makabidhiano niliitia saini mimi mwenyewe, yeye amesimama mbele ya meza yangu, wala sikumwuliza sababu.