Kupima Ubora wa Jaribio la Upangaji wa Maneno katika Hifadhidata

Jaribio la programu ya hifadhidata linalotegemea upangaji wa maneno hupimwa kwanza kwa kuangalia kama limetaja wazi kanuni ya upangaji linayoifuata, au limeiachia kompyuta iamue. Kanuni hiyo, ambayo huitwa kolesheni, ndiyo inayoamua neno lipi litangulie lipi, na katika PostgreSQL, isipotajwa, hurithiwa kutoka mipangilio ya lugha na eneo iliyokuwapo hifadhidata ilipoundwa. Ndiyo maana jaribio lile lile hufaulu kwenye mashine moja likashindwa kwenye nyingine, bila mstari wowote wa msimbo kuguswa.

Kolesheni iitwayo C hulinganisha maneno kwa baiti, yaani kwa namba zinazowakilisha herufi ndani ya kompyuta, na kwa kuwa Z kubwa ni 90 ilhali a ndogo ni 97, Zanzibar hutangulia asali. Kolesheni ya Kiingereza cha Marekani, en_US, hutanguliza asali kama kamusi zinavyofanya. Kiswidi nacho huweka å, ä na ö baada ya z.

Kwa Kiswahili, kipimo kizuri ni maneno matatu: ngamia, ng'ombe na nguo. Chini ya C, ritifaa iliyonyooka, ambayo namba yake ni 39, huliweka neno ng'ombe mbele ya ngamia. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiingiza zenyewe, huhifadhiwa katika usimbaji wa UTF-8 kwa baiti tatu zinazoanza na 226, na neno hilo hilo huishia nyuma ya nguo. Kolesheni inayopuuza alama katika ulinganishaji wa kwanza huliweka katikati. Maneno haya matatu yana thamani kubwa kuliko mamia ya majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo tupu za a hadi z, kwani majina hayo hupangika namna moja karibu kila mahali, na kwa hiyo hayafichui chochote.

Toleo la maktaba ya upangaji nalo lina uzito wake. Mnamo Agosti 2018, maktaba ya glibc, inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, ilitoa toleo la 2.28 ambalo lilibadilisha sana kanuni zake, hivi kwamba chini ya en_US maandishi “11”, yaliyokuwa yakitangulia “1-1”, yakawa yanakuja baada yake. Faharasa, yaani orodha ya funguo iliyopangwa ili utafutaji uwe wa haraka, ikiwa imejengwa kwa kanuni ya zamani kisha ikasomwa kwa kanuni mpya, huweza kukosa rekodi iliyopo au kuruhusu thamani ya pekee iingie mara mbili, mpaka ijengwe upya. Kwa hiyo kunakili matokeo mapya na kuyafanya ndiyo yanayotarajiwa, kila jaribio linaposhindwa, ni kosa kubwa, maana huenda hitilafu ya namna hiyo ndiyo inayofichwa.

Rekodi zenye ufunguo sawa hazina mpangilio uliohakikishwa chini ya kolesheni yoyote, hivyo jaribio bora huongeza ufunguo wa pili usiojirudia.

Mhakiki aliendeshe jaribio chini ya C, kisha chini ya en_US.UTF-8; likitoa majibu mawili tofauti bila kutaja lipi lililokusudiwa, halistahili kupokewa.