Dubu Anayetembea kama Ngamia

Hapa Gitambi, Rwanda, vilimani upande wa bonde la mpunga la Bugarama, sijapata kukutana na mtu anayesikia Kirusi. Kwa kazi ya kupima katuni, hiyo ni bahati. Maneno usiyoyaelewa hayawezi kukubembeleza; kinachobaki mbele yako ni kazi ya mikono tu.

Kipimo changu ni Vinni-Pukh, filamu tatu fupi za Fyodor Khitruk wa studio ya Soyuzmultfilm, Moscow, za miaka 1969, 1971 na 1972. Asili yake ni kitabu cha Mwingereza A. A. Milne cha 1926, ambacho Warusi walikipata kwa kalamu ya Boris Zakhoder, aliyekisimulia upya zaidi ya kukitafsiri.

Anza na miguu, uso baadaye. Uso wengi wanauweza. Mwendo ndio unaowaumbua wachoraji. Vinni-Pukh mwenyewe ni dubu wa kahawia, macho yamezungukwa na weusi, na vitanga vyake havijaungana na mwili, vinaelea kandokando. Akitembea, mkono na mguu wa upande mmoja huenda pamoja, mwendo wa ngamia kabisa. Kwa maumbile ni kosa. Lakini mfuate hatua kumi: mnene, anajiamini, na kichwani ana jambo moja tu, asali. Umeshamjua, na hujaambiwa neno. Katuni duni hufanya kinyume: nyusi juu, nyusi chini, mikono inapungwa kila sentensi. Mhusika asiyeweza kusimama kimya sekunde tatu amechorwa na mtu anayeogopa kwamba utaondoka.

Msitu uliochorwa na Vladimir Zuikov na Eduard Nazarov unafanana na kazi ya mtoto aliyepewa kalamu za rangi. Usidhani ni uvivu. Uvivu hujulikana pale mchoro unapolegea hadithi ikihitaji uzito, na hapa haulegei: katika filamu ya pili dubu anakula kwa Sungura mpaka ananasa mlangoni, na tumbo lile unalihisi limebana. Aliyelelewa na hadithi za fisi mlafi hahitaji mkalimani.

Sasa fumba macho, usikilize. Sauti ya mwigizaji Evgeny Leonov ilikuwa nzito mno kwa dubu huyu, basi wakairekodi na kuiongezea kasi. Ikapanda juu, lakini pumzi na umakini wa mtu mzima vikabaki ndani yake. Hicho ndicho kichekesho chenyewe: upuuzi unaosemwa kwa heshima zote. Mwigizaji anayebana pua ili afanane na mtoto hafiki hapo.

Kipimo kigumu zaidi ni kilichoachwa. Khitruk alimwondoa Christopher Robin, mvulana wa kitabuni ambaye wanyama wote humkimbilia mambo yakiharibika. Disney, katika filamu yake ya 1966, ilimbakiza. Bila yeye, dubu hana mkubwa wa kumwokoa. Akining'inia kwenye puto na nyuki wamemkasirikia, aliye chini na mwavuli ni kaguruwe rafiki yake tu, kanatetemeka. Mimi naona filamu ilipata ujasiri wake hapo. Anayebeba kitabu kizima mpaka kwenye skrini mara nyingi hajakielewa.

Nasi tuna fundi wetu wa kupima: msimulizi wa filamu. Hapa Rwanda filamu zinazosimuliwa hivyo huitwa agasobanuye. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Kwenye filamu ya ngumi anaweza kuporomosha maneno mwanzo hadi mwisho na tukafurahi. Vinni-Pukh haimvumilii, kwa sababu mapengo yake yana kazi. Nilijaribu mwenyewe, jioni moja, kuwasimulia watoto wa jirani kwenye simu. Dubu alikuwa amesimama chini ya mti, anatazama juu, mimi nikaanza kueleza. Mdogo wao akaniwekea mkono mdomoni.

"Babu, ngoja kwanza. Anafikiri."