Mwalimu Mlezi wa Klabu ya Mazingira

Roots & Shoots, mtandao wa klabu za mazingira za vijana, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 walipokutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Mkutano huo umeandikwa sana. Mwalimu mlezi wa klabu, anayebaki shuleni alasiri wenzake wakishaondoka, haandikwi.

Kazi yake ni ya mikono. Mbegu za mlusina huzilowesha kwenye maji ya moto usiku kucha, maana ganda lake ni gumu. Udongo wa msituni, samadi na mchanga huchanganywa, kisha viriba hujazwa kimoja kimoja na kushindiliwa kiasi, hewa isibaki katikati ikakausha mizizi. Miche ikikaribia kuhamishwa, maji hupunguzwa ili izoee ukavu. Halafu kuna mbuzi wa jirani wa kufukuzwa wasile miche.

Kubwa kuliko yote ni likizo. Shule hufungwa Juni, kiangazi kimeshaanza. Mlezi huwapangia watoto wanaoishi karibu zamu za kumwagilia. Wasipotokea, ndoo anabeba mwenyewe. Posho hakuna, na vipindi vyake vya darasani viko palepale. Uhamisho ukija, humkabidhi mwenzake daftari la zamu na ufunguo wa stoo, miti mingine ikiwa haijamfika magotini.