Asili, Maumbile na Maiti: Tahakiki ya Msamiati wa Sheria ya Maadili

Wahubiri, mawakili na hata baadhi yetu tunaofundisha lugha tumezoea kutumia fungu la maneno "sheria ya asili" kila panapozuka mjadala juu ya uhai na kifo: utoaji mimba, adhabu ya kunyongwa, kujiua, mahali pa kuwazikia wafu. Hutamkwa kana kwamba maana yake ni moja na yajulikana na wote. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Neno asili limebebeshwa mizigo miwili isiyofungika katika tita moja, na mkanganyo huo haukuishia katika kamusi. Twaweza kuuona, ingawa umevaa nguo za Kiingereza, katika shauri lililomweka maiti mmoja bila kuzikwa jijini Nairobi kwa muda wa miezi mitano.

Nadharia yenyewe ni kongwe. Cicero aliieleza kabla ya Ukristo, na Thomas Aquinas akaipanga katika karne ya 13. Amri yake ya kwanza ni kwamba jema litendwe na lifuatwe, na ovu liepukwe. Kutoka hapo Aquinas hutazama mielekeo ya binadamu: pamoja na vitu vyote vilivyopo, anaelekea kulinda kuwapo kwake, pamoja na wanyama, anaelekea kuzaa na kulea, na kwa kuwa ana akili, anaelekea kuutafuta ukweli juu ya Mungu na kuishi katika jamii. La kukumbukwa ni kwamba sheria hii, kwa mujibu wake, hujulikana kwa akili, na akili si mali ya taifa wala ukoo wowote. Mwandishi huyu alipoisoma mara ya kwanza ng'ambo, kwa Kiingereza, hakuona tatizo lolote la istilahi. Tatizo lilizuka aliporudi na kutakiwa kuieleza kwa Kiswahili darasani.

Kilatini kina neno natura, ambalo latokana na kitenzi chenye maana ya kuzaliwa. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo. Tabia limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya maumbile hasa, lakini huku kwetu limehamia katika mwenendo: tunasema mtoto ana tabia nzuri, wala hatumaanishi kuwa alizaliwa nayo. Hulka, lenye mzizi wa kuumba katika Kiarabu, limebaki karibu zaidi na nyumbani, ila limefinyika likawa la mtu mmoja mmoja: hulka ya fulani ni ukali, hulka ya fulani ni ucheshi. Fitra lingalikuwa neno barabara, kwa kuwa katika elimu ya Kiislamu lahusu hali ile ambayo kwayo mtu ameumbwa ili amtambue Mola wake. Lakini kwa wasikilizaji wengi sikio huenda moja kwa moja kwenye sadaka itolewayo mwishoni mwa Ramadhani. Yabaki mawili: maumbile na asili.

Maumbile ni neno la Kibantu, na umbo lake halifichi chochote. Palipo na maumbile pana kuumba, na palipo na kuumba pana Muumba. Atakayeieleza nadharia hii kwa msomaji asiyekuwa na dini atakuwa amekwisha kumwingiza Mungu kwa mlango wa mofolojia kabla ya hoja ya kwanza kutolewa. Hilo ni kosa dogo, na Aquinas mwenyewe asingelilalamikia. Kosa kubwa limo katika asili. Neno hili, nalo la Kiarabu, maana yake ya msingi ni shina au chimbuko. Mtu huulizwa asili yake, akajibu kwa kutaja kijiji cha babu. Methali yetu husemwa kwa namna mbili, mwacha mila ni mtumwa na mwacha asili ni mtumwa, wala hapana msikilizaji aonaye kuwa imebadilika. Huo ni ushahidi tosha kwamba katika matumizi ya kawaida asili na mila ni chanda na pete. Basi anayesema "sheria ya asili" akikusudia sheria iliyo sawa kwa binadamu wote, msikilizaji wake ana haki kamili ya kuelewa kinyume chake: sheria ya jadi, ya watu hawa na si ya wale.

Sasa tulitazame shauri lenyewe. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Alikuwa Mjaluo wa ukoo wa Umira Kager. Mkewe, Wambui, alikuwa Mkikuyu wa jamaa ya Waiyaki. Walikuwa na makazi Lang'ata na shamba huko Upper Matasia, upande wa Ngong. Mjane alitaka kumzika Upper Matasia, akidai kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo, ukiongozwa na ndugu yake Joash Ochieng' Ougo, ulitaka azikwe Nyalgunga, wilayani Siaya. Maiti alikuwa katika nyumba ya wafu ya jiji, karibu na Barabara ya Ngong, na mabishano yalikuwa katikati ya jiji, katika Mahakama Kuu, ambako umati ulijaa hata nje. Jaji Bosire aliupa ukoo ushindi mwezi Februari 1987. Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha tarehe 15 Mei. Na tarehe 23 Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Mjane hakuhudhuria.

Mengi yameandikwa juu ya shauri hili, kikiwamo kitabu cha Cohen na Atieno Odhiambo cha mwaka 1992, na aghalabu waandishi huliona kuwa pambano baina ya mila na usasa, au baina ya mwanamke na ukoo. Hayo yana ukweli wake. Hata hivyo nadhani kuna jambo walilolipita haraka. Sheria inayozielekeza mahakama za Kenya, sura ya 8, yaziruhusu kuongozwa na sheria za kimila katika madai, mradi mila hiyo isiwe ya kuchukiza mbele ya haki na maadili. Kifungu hicho ni urithi wa ukoloni, na kwa sababu hiyo wengi wetu humkejeli aliyekitunga. Lakini tukikisoma vizuri tutaona kwamba ndani yake imefichwa sheria ya maumbile. Kwani ni haki ipi na maadili yapi yanayoweza kuipima mila, ikiwa yenyewe si mila nyingine tu? Aliyekiandika ama aliamini kuna kipimo kilicho juu ya mila zote, ama alikuwa anazitawaza mila za Waingereza bila kuzitaja. Historia yatuambia kwamba mara nyingi ilikuwa hilo la pili. Lakini kutumiwa vibaya kwa kipimo si hoja ya kutosha ya kukivunja.

Mahakama ilifanyaje? Wakili wa mjane, John Khaminwa, alimweleza marehemu kuwa mtu aliyeishi nje ya mila kwa elimu yake, ndoa yake na makao yake. Mahakama ya Rufaa ilikataa: mtu aliyezaliwa na kulelewa Mjaluo hakuwa na njia ya kujivua uhusiano wake na kabila lake, na kwa hiyo mila za Kijaluo zilikuwa sheria yake binafsi. Tuiangalie hukumu hii kwa jicho la lugha. Mila, ambayo ni zao la makubaliano ya watu, imepewa nguvu ya maumbile, jambo asilolichagua mtu wala asiloweza kulivua. Asili ya maana ya kwanza, yaani chimbuko, imegeuka kimya kimya kuwa asili ya maana ya pili. Majaji waliandika kwa Kiingereza, kwa hiyo siwezi kulilaumu neno letu kwa kosa lao. Ninachosema ni kwamba Kiswahili kinalipa kosa hilo jina moja na kulifanya lisionekane kuwa kosa. Aquinas, ambaye aliikubali desturi kuwa na nguvu ya sheria, hakufikia hatua ya kuihesabu kuwa maumbile. Kwake desturi hubadilika, na hubadilishwa na walewale walioiweka.

Hata hivyo nisije nikamdhulumu upande wa pili. Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimama kizimbani kuwa shahidi wa upande wa ukoo na kueleza imani za Wajaluo juu ya wafu. Wengine walishangaa kumwona mwanafalsafa upande huo. Mimi sishangai. Kuwaheshimu wafu na kutowatupa ovyo ni jambo tunaloliona kwa Antigone wa Sophocles na kwa Mswahili anayeharakisha mazishi kabla jua halijatua. Ikiwa kuna sheria ya maumbile katika jambo hili, ndiyo hiyo: maiti azikwe kwa heshima na wale aliokuwa wao. Azikwe wapi, na nani kati ya mke na ndugu ndiye wake zaidi, hapo maumbile hunyamaza na watu huanza kupatana. Kasoro ya shauri zima, kwa maoni yangu, ni kwamba kila upande ulidai maumbile yamesema pale ambapo hayakusema.

Fasihi yetu iliwahi kulitambua jambo hili mapema. Katika riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa Nairobi mwaka 1971 na East African Literature Bureau, Rosa anajiua, na msimulizi hamwachi mikononi mwa kijiji wala kanisa. Anamfikisha mbele ya Mungu, pamoja na baba yake Zakaria, ili kesi isikilizwe upya. Wahakiki wengine huiona tamati hiyo kuwa kiraka. Mimi naiona kuwa ufafanuzi wa kauli ambayo kila Mswahili huitamka msibani: ametangulia mbele ya haki. Aquinas alitoa sababu tatu za kukataza kujiua: kwamba ni kinyume cha mwelekeo wa kiumbe kujilinda, kwamba huidhuru jamii, na kwamba uhai ni kipawa cha Mungu. Kezilahabi anaigeuza ile ya pili. Anauliza ikiwa si jamii iliyomdhuru Rosa kwanza, na swali hilo linamkalia baba shingoni.

Nchini Kenya swali hilo limefika mahakamani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Waliolalamika kwamba mahakama imeihalifu "sheria ya asili" walichanganya mambo mawili. Kusema kwamba tendo ni baya si sawa na kusema kwamba mgonjwa afungwe. Aquinas mwenyewe aliandika kwamba sheria ya binadamu haikatazi kila ovu.

Ugumu ni mkubwa zaidi katika ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 2010, isemayo kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa, na papo hapo ikaruhusu utoaji mimba ikiwa maisha au afya ya mama imo hatarini. Nimeandika uhai mara moja na maisha mara moja, makusudi. Kiingereza kina neno moja. Sisi tuna mawili, na tofauti yake si ndogo. Uhai ni kuwa hai. Maisha ni jinsi unavyoishi. Kiinitete kina uhai bila shaka. Je, kina maisha? Hali kadhalika, anayesema kijusi huchukua upatanisho wa ki-, naye anayesema mtoto aliye tumboni huchukua ule wa a-, na mjadala huwa umekwisha kuamuliwa kabla ya kiarifu. Wanafunzi wangu huliona hilo upesi kuliko mawakili.

Maiti naye hutatiza vivyo hivyo. Wako wasemao maiti yule amezikwa, wako wasemao maiti ile imezikwa, na vitabu vya sarufi havijapatana. Lakini simama siku ya Ijumaa karibu na nyumba ya wafu ya jiji, magari yanapopakia majeneza kuelekea Siaya, Kakamega au Machakos. Hapo utawasikia watu walioishi Kawangware au Kilimani miaka 30 wakisema "tunampeleka nyumbani": kiambishi ni cha mtu, na nyumbani si Nairobi.